Uvimbe wa Kizazi: Tabora Yahitaji Uamuzi Mwingine wa Busara

Mji wa Tabora si mgeni kwa wananchi wa Visiwani. Kabla reli haijafika huko mwaka 1912, misafara iliyoondoka Bagamoyo ilitembea kwa miguu miezi miwili hata mitatu, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, na hatimaye Ujiji. Baadhi ya wazee wa Unguja walijenga na kuoa huko, na miembe ya njia ile ingali imesimama. Ni katika mji huo huo ambapo Januari 1958 TANU ilifanya Uamuzi wa Busara, ikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu badala ya kuususia.

Tulipopita njia hiyo hivi karibuni, kilichotugusa zaidi hakikuwa historia. Chini ya mwembe mmoja tulimkuta mama muuza asali ambaye, kwa miaka mitano, alikuwa akivuja damu kupita kiasi kila mwezi. Majirani walisema amelogwa. Wengine wakasema ni chango. Tumbo lilipovimba akasingiziwa mimba, na mimba isipozaliwa akaitwa tasa, akapewa talaka. Alipofika hospitali aliambiwa kwamba ana uvimbe katika kizazi, na kwamba damu imempungukia hadi kiwango cha hatari.

Uvimbe huu ni nini? Ni nyama inayoota katika msuli wa mji wa mimba. Si saratani, na ni nadra mno uvimbe wa namna hii kukutwa kuwa saratani. Hukuzwa na homoni za kike zilizomo mwilini, ndiyo maana huonekana katika umri wa kuzaa na kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa wanawake weusi zaidi ya 8 katika kila 10 huwa nao wafikapo umri wa miaka 50, ingawa wengi wao hawajui kwa kuwa hauwasumbui.

Madhara yake hutegemea mahali ulipoota. Ulio ndani ya kizazi, hata uwe mdogo, huleta damu nyingi na waweza kuzuia mimba au kuiharibu. Ulioota kwa nje huweza kukua sana bila damu kuzidi, lakini ukakibana kibofu, mama akaenda haja ndogo kila mara, au ukaubana utumbo, akafunga choo.

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa tangu utotoni kutofautisha hedhi na istihadha, yaani damu ya maradhi, na kwamba kwa madhehebu ya Shafii hedhi haizidi siku 15. Basi iweje mume anayejua hukumu ya sala ya mkewe asijue kwamba damu hiyo yahitaji daktari? Elimu ile ilikuwa ya kutuongoza, si ya kutunyamazisha.

Tiba zipo, wala si lazima kila mgonjwa apasuliwe. Baada ya kupimwa kwa ultrasaundi, asiyesumbuliwa hutakiwa kuangaliwa tu kwa vipindi. Anayevuja damu hupewa dawa za kuipunguza, pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Zipo sindano zinazosinyaza uvimbe kwa muda, hasa kabla ya upasuaji. Anayetaka kuzaa anaweza kuondolewa uvimbe na kuachiwa kizazi, ingawa uvimbe mwingine waweza kuota baadaye. Aliyekwisha kuzaa, na ambaye hali yake ni mbaya, anaweza kuondolewa kizazi chenyewe, kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa. Ipo pia njia ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, lakini hiyo yahitaji mitambo na mabingwa wasiopatikana kila mahali.

Hatuwadharau waganga wetu wa jadi. Taifa lilianza kuchunguza dawa zao Muhimbili mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 inawatambua. Lakini anayemwahidi mgonjwa kwamba uvimbe wake utayeyuka kwa chupa tatu, bila kipimo chochote, anamlia fedha na kumpotezea wakati. Na damu inayotoka baada ya hedhi kukoma ni lazima ichunguzwe hospitali upesi, kwani huenda ikawa saratani.

Kwa viongozi tunasema: mama wa Sikonge au Kaliua asingojee mpaka azimie ndipo asafirishwe hadi Kitete au Nkinga. Kipimo cha wingi wa damu na vidonge vya kuiongeza visikosekane katika zahanati yoyote, na ultrasaundi ipatikane karibu naye pamoja na mtu anayejua kuitumia. Wajibu ni huo huo kwa mama wa Micheweni na wa Makunduchi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Thamani yake itapimwa kwa mama kama yule muuza asali.

Ujinga, maradhi na umaskini tuliambiwa tangu Uhuru kuwa ndio maadui zetu. Katika jambo hili wote watatu wamekaa nyumba moja, na aibu ndiyo inayowafungia mlango. Tuufungue.