Msumeno wa Marehemu Baba: Kabla ya Kuuwasha, Tulikumbushwa Deni

Mashauri ya mirathi hayakauki katika kamati ya msikiti wetu hapa Ifakara. Mimi, nikiwa katibu, ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao hivyo, na nimekwisha andika mara nyingi nasaha ileile: mali ya marehemu isicheleweshwe, kila mwenye haki apewe haki yake. Hata hivyo, kwa muda wa miaka sita, msumeno wa mnyororo wa marehemu baba yetu, Allah Amrehemu, ulikuwa umelala uvunguni mwa kitanda nyumbani kwetu, haujagawanywa wala haujatumika. Naandika haya nikijinasihi nafsi yangu kwanza, kisha ndugu msomaji.

Baba alikuwa mpasua mbao. Katika ujana wake alipasua kwa msumeno wa mikono: gogo huwekwa juu ya shimo, mtu mmoja husimama juu na mwenzake chini, wakavutana tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa mbao chache. Baadaye alinunua kwa mtu msumeno wa injini uliokwisha tumika, STIHL 070, ambao mafundi wa huku huuita chenso. Kampuni hiyo ya Ujerumani ilianzishwa na Andreas Stihl mwaka 1926, na aina hii ya 070 imefahamika sana katika nchi zenye miti mikubwa. Injini yake ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 106, na uzito wake unapita kilo 10. Kwa chombo hicho baba alitulisha, alitusomesha, na alipanda mitiki michache pembezoni mwa shamba, kama walivyofanya wakulima wengi wa bonde hili baada ya kampuni ya mitiki ya Kilombero kuanza kazi katika miaka ya 1990.

Mwaka huu niliamua kuufufua. Nilimweleza mama, naye akafurahi. Dada yetu mdogo alikuwa amekaa kimya akichambua mchele. Mwishowe akauliza kwa adabu, “Kaka, utakapowaka, utakuwa msumeno wako au wa baba?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshauita “msumeno wangu” mbele ya fundi.

Usiku ule tulikaa sote. Warithi ni mama, sisi ndugu wawili wa kiume, na dada zetu watatu. Babu na bibi zetu walikwisha tangulia mbele ya haki. Suratun-Nisaa imetuwekea wazi: mke wa marehemu mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Hesabu ya kwetu ikaja bila sehemu iliyovunjika. Mafungu yakawa 8: mama fungu 1, kila mtoto wa kiume mafungu 2, kila dada fungu 1. Tangu siku ile msumeno haukuwa wa mtu mmoja. Tulikubaliana kwamba gharama ya matengenezo nitakayotoa itahesabiwa kuwa mkopo kwa warithi wote, na itaandikwa.

Fundi wa pikipiki wa Kibaoni aliyeshika kazi hii hakuanza kwa kuvuta kamba ya kuwashia. Alisema injini iliyolala miaka mingi ikivutwa kwa pupa hujikwaruza ndani. Alitoa plagi, akadondoshea oili kidogo ndani ya silinda, akaiacha hadi kesho yake, kisha akaizungusha taratibu kwa mkono. Pistoni ikatembea, alhamdulillah, haikuwa imekwama.

Baadaye alitafuta cheche. Plagi mpya haikutoa chochote. Alifungua upande wa gurudumu la sumaku, akakuta platini zimeshika kutu. Akazisugua kwa msasa laini hadi ziking’aa, na cheche ya buluu ikaonekana. Tanki lilikuwa na petroli ya zamani iliyogeuka kama gundi, na mpira wa kupitishia mafuta ulikatika alipougusa. Ndani ya kabureta, kile kiwambo chembamba cha mpira kinachovuta petroli kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma. Kifaa hicho kidogo ndicho kilichotuchelewesha, kwani kililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Mafuta ya mashine ya namna hii ni petroli iliyochanganywa na oili, kwa kuwa injini haina oili yake ya pembeni. Fundi alichanganya sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Mwenye kutia petroli tupu huunguza pistoni kwa muda mfupi.

Wakati fundi anafanya kazi yake, mimi nilisafisha sanduku la vifaa. Chini ya tupa na spana nilikuta daftari la baba, limefungwa kwa mfuko wa plastiki. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina la jirani yetu na maneno machache: amelipa fedha zote, mbao za milango miwili, bado hazijatolewa. Baba aliugua mwezi uliofuata, na hakuinuka tena.

Ndugu msomaji, mpangilio wa sheria yetu unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Sisi tulikuwa tumekwisha gawana mafungu ya msumeno ilhali baba yetu bado ana deni. Mama alilia, si kwa ajili ya mbao, bali kwa ile miaka sita.

Jirani naye alikwisha fariki. Tukaenda kwa watoto wake. Binti yake mkubwa akatuambia kwamba walilijua jambo hilo siku zote, ila waliona haya kuwadai wafiwa. Tulitaka kulipa, wao wakasema wanataka mbao, kama baba yao alivyoagiza.

Mitiki nayo ni mali ya urithi, basi warithi wote waliridhia ukatwe mti mmoja. Kabla ya hapo tulikwenda kwa ofisa misitu kuuliza taratibu za vibali, maana si haki kulipa deni la mtu kwa kuvunja sheria ya nchi. Siku ya kazi sikushika msumeno. Nilimwajiri mtu mwenye ujuzi. Msumeno huu wa zamani hauna breki ya mnyororo, na ncha ya bamba ikigusa gogo huweza kuruka kumwelekea anayeushika. Alivaa buti, miwani na suruali ngumu. Kanzu na kikoi si mavazi ya kazi hii, na watoto tuliwaweka mbali. Magogo tuliyapeleka kwenye mashine ya kupasulia, kwa sababu mnyororo hula mti mwingi ukageuka unga.

Ulipowashwa, ulivutwa mara nne, ukanguruma mara ya tano. Mama alikuwa uani. Aliinua mikono akamwombea baba dua, akaendelea na kazi zake.

Mbao zilifika kwa wenyewe Ijumaa ile. Katika daftari la baba nimeandika chini ya maneno yake: zimetolewa, na tarehe. Msumeno sasa hukodishwa; malipo ya mtumiaji na gharama za fundi hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa mafungu 8, na dada yetu mdogo ndiye mwenye kushika hesabu.

Tazameni uvunguni mwenu, ndugu zangu. Cherehani, baiskeli, jembe la ng’ombe au nyavu za marehemu zina wenyewe, na huenda zina deni. Tufungue madaftari yao kabla hatujaziita zetu.

Wabillahi tawfiq.