Ujumbe wa Simu Si Pesa

Sokoni Kalundu, mjini Kitui, mnunuzi wa ndengu akishapima magunia hatoi noti. Anabonyeza simu, kisha anamwonyesha muuzaji kioo kilichoandikwa "Imethibitishwa". Muuzaji anatazama simu yake: kimya. Anaambiwa mtandao uko chini, na lori lina haraka. Je, aachie mzigo?

Jibu linategemea kujua pesa hizo hukaa wapi. Tangu kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa Machi 2007, salio la mteja halihifadhiwi ndani ya simu wala kwenye laini. Limeandikwa katika kompyuta kuu za huduma hiyo. Mnunuzi akiingiza PIN, ombi lake husafiri hadi huko. Kompyuta huhakiki PIN, hutazama salio, hupunguza upande mmoja na kuongeza upande wa pili kwa mpigo. Malipo yamekwisha. Ndipo ujumbe mfupi hutumwa kukuarifu wewe muuzaji, nao hungoja katika mitambo ya mtandao mpaka simu yako ipatikane. Kwa hiyo pesa zaweza kuingia kabla ya ujumbe kufika. Tena ujumbe waweza kufika bila pesa yoyote, na hapo ndipo tapeli hupata riziki yake.

Ujumbe ni kama barua: yeyote aweza kuiandika. Ule wa kweli huja kwa jina MPESA na hujipanga chini ya risiti zako za zamani. Wa bandia mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida. Hata jina peke yake si ushahidi kamili, kwa maana hujazwa na mtambo unaotuma. Tazama pia msimbo wa risiti. Ukilinganisha risiti zako utaona herufi ya kwanza hufuata mwaka na ya pili mwezi: risiti za Machi 2025 zilianza na TC. Msimbo usiolingana na tarehe umejifichua. Unaolingana bado waweza kuwa umeigwa. Ushahidi ni salio lako, ulilolitazama mwenyewe kwa *334# au kwenye menyu ya M-Pesa. Likiwa halijaongezeka, mzigo usiondoke.

Kanuni hiyo hiyo inamkinga mama anayepigiwa simu na mtu anayelia kwamba ametuma pesa kimakosa. Huenda hakutuma chochote. Huenda alituma kweli, na ukimrudishia kwa mkono wako ataomba tena Safaricom izirudishe kupitia namba 456, ulipe mara mbili. Mwambie apeleke ujumbe wake 456, kisha usiguse pesa hizo.

Njia ya kupokea malipo nayo ina uzito. Namba yako binafsi huchanganya karo ya watoto na mauzo. Pochi la Biashara hutenganisha hesabu hizo, na mteja hawezi kurudisha malipo bila idhini yako. Linamfaa mwenye kibanda. Namba ya Till humwonyesha mteja jina la biashara yako, naye halipi ada ya kutuma. Wewe ndiwe unayekatwa asilimia ndogo. Inamfaa mwenye duka katika mji wa Wote au Emali anayepokea malipo mengi kwa siku.

Lakini njia zote hizo zinategemea laini yako. Tapeli akifanikiwa kusajili namba yako kwenye laini mpya, ya kwako hupoteza mtandao ghafla, na simu zako huanza kumfikia yeye. Piga *100*100# kuzuia laini isibadilishwe na wakala, usimtajie mtu PIN, na dirisha la PIN likitokea bila wewe kulipia kitu, lifute. Namba za matapeli zipeleke kwa Safaricom kupitia 333.

Maembe ya Makueni na ndengu za Kitui ni jasho la msimu mzima katika eneo lenye mvua haba. Vikundi vya wakulima viifanye kuwa sheria, isomwe katika kila mkutano: hakuna gunia wala kreti inayopanda lori kabla mwenye mali hajasoma salio kwenye simu yake mwenyewe. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kungoja dakika mbili.