Pima kihisi cha kamera yako kabla ya kununua lenzi ya pembe pana

WAPIGAPICHA wengi wanaoanza kujitafutia riziki kwa kamera za dijitali aina ya SLR hukumbana na tatizo moja mapema. Wameitwa harusini, jamaa za bibi harusi wamejipanga sebuleni, na nusu yao hawaingii pichani. Mpigapicha hurudi nyuma hadi mgongo ugonge ukuta. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda juu ya kochi la wenyewe, viatu mkononi, na bado shangazi wawili wakakosekana katika picha ambayo haingeweza kurudiwa.

Dawa ni lenzi ya pembe pana. Hata hivyo, wengi huinunua kwa kutazama tu nambari iliyoandikwa juu yake, na hapo ndipo fedha hupotea.

Nambari hiyo, ambayo ni ya milimita, haitoshi kukuonyesha upana wa picha mpaka ujue ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kamera za bei ghali huwa na kihisi chenye upana wa milimita 36, sawa na filamu ya zamani. Nyingi za bei nafuu za Canon zina kihisi cha milimita 22 hivi, na za Nikon 23.5. Kihisi kidogo hukata kingo za picha.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha upana wa kihisi kwa umbali uliopo, kisha ugawanye kwa nambari ya lenzi. Ukisimama mita tatu kutoka kwa watu ukiwa na lenzi ya milimita 18, kamera ya kihisi kikubwa itanasa upana wa mita 6. Canon ya kihisi kidogo itanasa mita 3.7 pekee. Ukiiwekea hiyo ndogo lenzi ya milimita 10, utapata mita 6.7. Iwapo kila mtu atachukua nusu mita, hiyo ni tofauti ya watu saba na watu kumi na watatu.

Ndiyo maana ushauri wa enzi za filamu, kwamba milimita 28 yatosha, humponza mwenye kamera ndogo. Yeye atafute zinazoanzia 10 au 11, mathalan Canon EF-S 10-18mm au Nikon AF-P DX 10-20mm. Ajue pia kwamba lenzi za EF-S haziingii katika kamera za Canon zenye kihisi kikubwa, na kwamba za AF-P hazifanyi kazi ipasavyo na baadhi ya kamera za zamani za Nikon, ikiwemo D90.

Lipo pia suala la mwanga. Lenzi hizo mbili ni nyepesi lakini tundu lake la mwanga ni dogo. Tokina 11-16mm, yenye f/2.8, hupitisha mwanga zaidi ya maradufu ya lenzi ya f/4.5. Kwa anayepiga picha za ngoma usiku, tofauti hiyo ni kubwa. Kifaa cha kutuliza mtikisiko hutuliza mkono wako tu, si wachezaji.

Isitoshe, pembe pana huvuta sura zilizo ukingoni. Usimweke bibi harusi wala mama mkwe pembeni; kichwa kitarefuka kama papai na lawama zitakuwa zako. Ukiinua kamera kupiga picha ya jengo, kwa mfano katika vichochoro vya Lamu, kuta zitaonekana zikianguka nyuma. Ishike wima, hata kama sakafu itajaa nusu ya picha, kisha uikate baadaye.

Anayenunua lenzi iliyotumika aende na kamera yake dukani, apige picha ya ukuta wa matofali akiwa ameielekeza sawasawa, kisha azikuze pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu ziko wazi, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka.