Wakia ya Dhahabu si Wakia ya Sukari

Ndugu msomaji, tuseme umepata dhahabu kidogo. Unataka kuiuza Katoro, mkoani Geita. Redioni umesikia bei ya wakia moja. Wengi huiita aunsi. Lakini mizani ya mnunuzi inaonyesha gramu. Je, utajuaje haki yako?

Kwanza ujue kuwa wakia ziko mbili.

Wakati wa utawala wa Waingereza, sukari na pamba zilipimwa kwa ratili. Waulize wazee. Ratili moja ina wakia 16. Ratili hiyo ni karibu gramu 454. Kwa hiyo wakia moja ya sukari ni gramu 28.35. Kilo moja ni ratili 2.2.

Wakia ya dhahabu ni nzito zaidi. Ni gramu 31.1. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa wakia hii.

Sasa tufanye hesabu. Bei hii ni ya mfano tu. Wakia moja ya dhahabu ni shilingi 9,330,000. Gawa kwa 31.1. Utapata shilingi 300,000. Hiyo ni bei ya gramu moja. Wachimbaji pia hupima kwa pointi. Pointi 10 ni gramu moja. Basi pointi moja ni shilingi 30,000.

Kuchanganya wakia hizi mbili ni hasara. Tuseme una gramu 31.1, yaani wakia nzima ya dhahabu. Mtu akulipe gramu 28.35 tu, akisema hiyo ndiyo wakia. Umepoteza gramu 2.75. Kwa bei yetu ya mfano, hizo ni shilingi 825,000! Fedha hizo zingelipa mahitaji mengi ya watoto shuleni.

Lakini usigombane na mnunuzi bure. Bei ya dunia ni ya dhahabu safi. Dhahabu ya mchimbaji huwa na mchanganyiko wa madini mengine. Tena kuna mrabaha wa Serikali. Kwa hiyo utapata pungufu ya bei ya redioni. Mwambie mnunuzi akueleze kila anachokata, na kwa nini.

Unapouza, kumbuka mambo haya:

1. Uza katika soko la madini. Soko la Geita lilifunguliwa mwaka 2019.
2. Tazama kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo.
3. Mizani isome sifuri kabla dhahabu haijawekwa.
4. Andika uzito mwenyewe. Piga hesabu mwenyewe.
5. Dai risiti.

Haya, chukua kalamu ujaribu:

(a) Kwa bei yetu ya mfano, gramu 5 ni shilingi ngapi?
(b) Gunia la kilo 50 ni ratili ngapi?

Majibu: (a) Shilingi 1,500,000. (b) Ratili 110.

Umepata yote mawili? Vizuri. Sasa mfundishe na jirani yako. Ajuaye hesabu hapunjwi kwa urahisi.