Je, Wajua? Siri ya Barafu Angavu ya Sanamu
Barafu ya sanamu zinazopamba harusi na karamu hung'aa kama kioo kwa sababu maji yake hugandishwa kuanzia chini kwenda juu, huku pampu ndogo ikiyazungusha maji ya juu ili viputo vya hewa na uchafu visinaswe ndani. Bonge moja, lenye uzito wa takriban kilo 136, huchukua siku 3 hivi kuganda. Kabla ya kuchongwa kwa msumeno wa mnyororo na patasi, kwa kufuata mchoro uliobandikwa juu yake, bonge huachwa nje ya chumba cha baridi hadi ukungu mweupe uliolitanda utoweke, kwani barafu yenye baridi kali mno hupasuka kwa urahisi. Sehemu nyembamba ndizo huyeyuka kwanza. Kwa hiyo mchongaji hodari huziacha nene makusudi.