Pacha Anayepitwa na Altrasaundi

Altrasaundi ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu mno kwa sikio la binadamu, ambayo hupenya tumbo, hugonga tishu na majimaji, kisha mwangwi wake hugeuzwa kuwa picha kwenye skrini. Kiliingia katika elimu ya uzazi kwa kazi ya daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha matokeo yao mwaka 1958. Kabla ya hapo idadi ya watoto ilikisiwa kwa mikono ya mkunga, na Doto, kama Wasukuma wanavyomwita pacha anayezaliwa wa pili, aliweza kuwashtua wote waliokuwa wamekwisha kumpokea Kulwa, yule wa kwanza. Je, mashine nayo yaweza kumwona Kulwa na kumwacha Doto? Yaweza, ila kwa sababu zinazojulikana.

Sababu kubwa ni umri wa mimba. Katika wiki ya 5, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huonekana fuko la mimba tu, yaani duara dogo jeusi lenye majimaji, na mapigo ya moyo huanza kuonekana takriban wiki ya 6. Mapacha wa yai moja walio ndani ya fuko moja huweza wakati huo kudhaniwa kuwa mtoto mmoja. Na hata mafuko yakiwa mawili, la pili laweza kuwa dogo, limebanwa pembeni mwa mji wa mimba, likapitwa na mpimaji aliyeridhika mara tu alipouona moyo mmoja ukidunda. Hapo lawama si ya mashine, kwa kuwa mpimaji hutakiwa kupitisha kifaa juu hadi chini, na ubavu hadi ubavu, kabla ya kutaja idadi.

Kinyume chake pia hutokea, kwani misuli ya mbele ya tumbo huweza kupinda mawimbi hata fuko moja likaonekana mawili. Tena wapo mapacha walioonekana kweli, kisha mmoja akaacha kukua na kufyonzwa na mwili wa mama, hali ambayo madaktari huiita pacha aliyetoweka; mama wa namna hiyo hakudanganywa na mtu.

Wakati mzuri wa kuhesabu ni kati ya wiki ya 11 na ya 14, ambapo mpimaji makini ni nadra kukosea, na ambapo huonekana pia jambo lenye uzito kuliko idadi yenyewe: kama mapacha wana kondo la nyuma moja au mawili. Wanaochangia kondo moja huunganishwa na mishipa ya damu, na damu ya mmoja ikihamia kwa mwenzake kupita kiasi, wote wawili huwa hatarini. Kwa hiyo mimba hiyo hufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Aliyepimwa mapema sana akaambiwa mtoto ni mmoja, ilhali tumbo linazidi umri wa mimba au alitumia dawa za kuchochea mayai, aombe kliniki irudie kipimo, wala asione haya kuuliza kama mji wa mimba ulikaguliwa wote.