Kioo Kinacholia Mlangoni mwa Gari la Zamani

Aliyewahi kupanda gari la zamani, katika yale yaliyoundwa kabla ya mota ya umeme kutwaa kazi ya kupandisha na kushusha vioo, hawezi kuusahau ule mkono mdogo uliopachikwa chini ya dirisha, ambao abiria aliushika akauzungusha, na kioo kikashuka taratibu katika tumbo la mlango, hata upepo wa njiani ukampiga usoni. Chombo hicho kina hekima kubwa, nami nakipenda kwa dhati, kwa kuwa hakina siri ambayo jicho haliwezi kuiona wala mkono kuifikia. Walakini kwa kupita miaka hupatwa na maradhi ya kelele: kioo kikipandishwa hulia, kikishushwa husaga, na gari likipita penye mashimo hugonga mlangoni kama mtu anayebisha hodi. Wenye magari hayo aghalabu huvumilia, wakidhani kwamba kelele ni haki ya uzee. Si hivyo. Kila sauti itokayo mlangoni ina sababu yake na mahali pake, na mwenye subira ya asubuhi moja aweza kuiondoa.

Gari langu liliundwa mwaka 1967. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kikilia kila nilipokipandisha, na fundi wa kwanza niliyemwendea alimimina mafuta ya injini katika mwanya wa juu, pale kioo kinapoingilia mlangoni, akanirudishia ufunguo. Kwa muda wa wiki mbili palikuwa kimya. Kisha kelele ikarudi kwa nguvu kuliko awali, kioo kikajaa michirizi, na mpira uliokuwa mgumu ukavimba ukawa teketeke. Mafuta yalikuwa yameufikia mpira ambao hayakustahili kuugusa, na hayakukifikia chuma kilichokuwa na kiu.

Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kumefungwa kile kinachoitwa mashine ya kioo. Katika magari mengi ya zamani, mkono wa kuzungushia hugeuza gia ndogo, na gia hiyo hulisukuma bamba la chuma lililochongwa meno ukingoni, mfano wa kipande kilichokatwa katika gurudumu kubwa. Bamba nalo limeshikamana na mkono mrefu wa chuma, au mikono miwili inayopishana kama mkasi, na katika ncha yake mna kigurudumu kinachoteleza ndani ya reli iliyofungwa chini ya kioo. Springi iliyoviringishwa huchukua sehemu ya uzito, ndiyo sababu mtoto aweza kukipandisha kioo ambacho angeshindwa kukinyanyua kwa mikono yake. Mashine nyingine hutumia waya unaovutwa juu na chini badala ya meno. Ama kioo chenyewe, hicho hupita katika mifereji miwili ya pembeni, iliyotandikwa mpira au kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, na pale juu ya mlango hubanwa na mipira myembamba ya kukipangusa maji.

Kwa hiyo mlango mmoja una sehemu nyingi ziwezazo kulia, na kila moja hulia kwa lugha yake. Mlio mwembamba na mrefu hutoka mara nyingi katika mpira uliokauka. Msago mzito, ambao mkono huuhisi sawasawa na sikio, ni wa meno yaliyojaa uchafu, au wa kigurudumu kilichokwama kisizunguke. Ukisikia mruko mahali pale pale kila kioo kinapopita, ujue jino limevunjika, au kama ni mashine ya waya, nyuzi zake zimeanza kukatika. Na mgongano unaosikika gari likitikisika tu, ilhali kioo kimeshushwa nusu, huonyesha kwamba kioo kimelegea katika reli yake au mifereji imelika.

Fundi wa pili niliyemwendea alikuwa mzee wa Mombasa aliyefanya kazi yake chini ya mwembe. Hakushika bisibisi. Aliniambia niketi kitini pa dereva, akaweka kiganja chake wazi juu ya ubao wa mlango, akasema, “Zungusha, mwanangu, polepole.” Nikazungusha, naye akawa anakihamisha kiganja kidogo kidogo, toka kwenye kitasa mpaka karibu na bawaba, na hapo akakisimamisha.

“Mashine ndiyo iliyokufa, mzee?” nikamwuliza.

“Mashine ni nzima. Mfereji wa mbele ndio mbovu.”

Nimekwisha kuijaribu njia ile mara nyingi tangu siku hiyo, na sijaona chombo cha kupimia kinachoishinda. Ikiwa shaka ingalipo, liko jaribio jingine la yakini: mlango ukisha kufunguliwa, kiachanishe kioo na mashine, ukipandishe na kukishusha kwa mikono miwili. Kikilia hivyo hivyo, kosa ni la mifereji. Kikinyamaza, kosa ni la mashine.

Kufungua mlango hutaka adabu. Kwanza tazama mkono wa kuzungushia umeelekea wapi kioo kikiwa juu, uuweke alama, ili urudi katika mwelekeo ule ule. Magari mengine huufunga kwa skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo. Mengine kwa pini iliyopenya shinani. Na mengine kwa kibanio cha waya chenye umbo la kwato ya farasi, kilichojificha nyuma yake. Kibanio hicho huwatoa watu jasho, wakauvunja mkono wa kuzungushia kwa bisibisi bure, ilhali dawa yake ni kitambaa: kipitishe baina ya mkono na ubao, ukivute huku na huku kama mtu anayeng’arisha kiatu, na kibanio kitaruka chenyewe. Kinga kwa kiganja kisije kikapotea. Ubao hushikwa na klipu ukingoni, nao hutolewa kwa kuchokonolewa karibu na kila klipu, si kwa kuvutwa kwa nguvu, kwa sababu ubao wa miaka hamsini umekuwa mkavu kama biskuti.

Nyuma yake utaikuta karatasi ya nailoni au ya lami, au utakuta kwamba imechanwa ikatupwa na waliotangulia. Karatasi hiyo si pambo. Maji ya mvua huingia mlangoni daima, kwani mipira ya juu haiwezi kuyazuia yote, na waundaji walilijua jambo hilo, wakatoboa matundu ya kuyatolea chini ya mlango, wakaweka karatasi ili unyevu usiuozeshe ubao. Katika pwani yetu, ambako hewa imechanganyika na chumvi, na katika bara, ambako vumbi jekundu hupenya kila mwanya, matundu hayo huziba, maji hutuama, vumbi hugeuka tope, na kutu huila bati kutoka ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni. Mlango wangu ulipofunguliwa, matundu yote yalikuwa yamezibwa, na juu ya tope lake palikaa nati mbili na sarafu moja. Mlango huo ulikuwa ukigonga pia, na sehemu ya mgongano huo ilikuwa ni hizo tu.

Grisi ya zamani lazima iondolewe yote kabla ya mpya kupakwa, maana grisi iliyochanganyika na vumbi huwa msasa, ikayala meno badala ya kuyalinda. Brashi na mafuta ya taa kidogo yatosha, mradi yasiufikie mpira. Kisha paka grisi nyeupe ya lithiamu katika meno, katika misumari ambayo mikono hugeukia, na ndani ya reli ya kigurudumu. Kidogo, kwa ncha ya kidole. Mifereji haitaki grisi kabisa. Ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipulizwe silikoni, na kama sufu yake imekatika au mpira wake umepasuka, itolewe uwekwe mfereji mpya, kwa kuwa hapana dawa iwezayo kuhuisha mpira uliokufa. Mpira uliokaa baina ya kioo na reli yake ya chini nao uchunguzwe. Ukisha kuoza, kioo hucheza na kugonga. Mafundi wengi huujazia kipande cha tyubu ya baiskeli, nami sioni aibu katika hilo, maadamu kipande ni chembamba na kioo kimekaa wima.

Sasa tahadhari mbili, ambazo nazisema kwa msisitizo. Kabla ya kuondoa mashine, kishikilie kioo kikiwa juu kwa utepe wa gundi uliopitishwa juu ya fremu, ndani na nje, kwa sababu kioo cha mlango kimepikwa kwa moto kiwe kigumu usoni, lakini ukingo wake ukigongwa na chuma kioo kizima chaweza kuvunjika chembe chembe. Na ile springi iliyoviringishwa hukaa imejaa nguvu: bamba la meno likitenganishwa na gia yake pasipo kufungwa, hufyatuka kwa ghafla, likaweza kukata kidole. Lifunge kwanza kwa bolti iliyopenya bamba na kitako chake, au uiache kazi hiyo kwa anayeijua.

Wakati wa kurudisha, usikaze bolti zote papo hapo. Ziache zimelegea, kipandishe kioo mpaka juu kabisa kipate kukaa sawa katika fremu, ndipo uzikaze. Nyingi katika kelele zinazorudi baada ya matengenezo husababishwa na kupuuza jambo hili dogo. Fimbo za chuma zinazokwenda kwenye kitasa zizungushiwe kitambaa pale zinapogusa bati, kwani nazo hugonga, kikasingiziwa kioo.

Kioo changu hupanda kwa mizunguko mitano na nusu, na sasa hakisikiki ila kinapofika juu. Nawe mwenye gari la zamani, usingoje kioo kilie ndipo uukumbuke mlango: masika yakikaribia, piga magoti kando ya gari, chukua kijiti chembamba, uyazibue matundu yaliyo chini ya kila mlango mpaka uone maji yakitoka.